Nusu Kidonge kwa Watoto Wawili

Nyangoma alinipigia simu Jumanne moja nikiwa nachambua maharage uani kwangu Kayanga. Alisema shikamoo, akaniuliza habari za miguu yangu, kisha akauliza kama kwetu mvua imenyesha, na hapo nikajua kuna jambo, maana vijana hawapigi simu kuulizia mvua. "Mama ametutoka jana," alisema. "Tunazika Alhamisi. Nimeona nikwambie mwenyewe, kwa sababu alikuwa anakutaja." Nisiwadanganye, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa hofu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na neno moja la kumwambia mama yake, neno ambalo lingempunguzia mzigo mkubwa, na kila mwaka nilijiambia kwamba kiangazi kikiingia nitakwenda kulisema. Sasa wa kuambiwa hayupo. Huzuni ilikuja baadaye, nilipokwisha kuchambua yale maharage, na ilipokuja ilikaa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Kaisho ilikuwa bado inahesabiwa Karagwe, wilaya ya Kyerwa haijazaliwa. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika zahanati moja ndogo ya hapo, ingawa wagonjwa wote waliniita Nesi na mimi niliacha kuwakosoa baada ya wiki ya kwanza. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, hadubini, na dirisha lililotazama shamba la migomba. Mwanga wa dirisha lile ndio ulioamua saa zangu za kazi, kwani hadubini yetu ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua, na wingu likipita nilikaa kusubiri mikono mapajani. Nililala chumba cha uani, nikapika ndizi na maharage katika sufuria moja, jioni nikala kilichobaki mchana. Nilikuwa na majivuno ya mtu aliyesoma kidogo. Nilidhani najua kazi.

Klorokwini ilikuwa imeachwa. Badala yake ilikuja dawa ya vidonge vitatu: mtu mzima anameza vyote kwa mara moja, anarudi zake shambani. Watu waliipenda kwa sababu haikuwasha ngozi kama ile ya zamani. Lakini kulikuwa na minong'ono kwamba huku kwetu inashindwa, na ndiyo sababu Daktari Felician alikuja. Alikuwa mtafiti kutoka Bukoba, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutafuna kahawa kavu huku akiongea, na alinichagua nimsaidie kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka. Kazi ilikuwa hivi: mtoto akija na malaria namtoboa kidole, natengeneza slaidi, kisha nadondoshea matone matatu ya damu kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, naiacha ikauke, naiandika namba. Baada ya hapo nampa dawa, namtazama anameza, namkalisha nusu saa nione hatapiki, ndipo naweka alama ya vema kwenye fomu: amemeza mbele yangu. Anarudi siku ya tatu, siku ya saba, siku ya kumi na nne. Daktari alinisisitizia ile vema kuliko kitu kingine. "Adela," aliniambia, "karatasi itatuambia habari za mdudu. Habari za dawa utaniambia wewe."

Nyinabarongo alikuja msimu wa kuchuma kahawa, mikono yake bado ina utomvu. Hilo halikuwa jina lake la ubatizo. Ndivyo mama wa mapacha anavyoitwa kwa heshima, na mwanamke akishalipata, hakuna anayemwita vinginevyo. Mgongoni alikuwa na Nyakato, mtoto mdogo wa pacha, miaka miwili, macho mekundu kwa homa. Nyangoma, yule mkubwa, alibaki nyumbani na bibi yake, mzima kabisa. Nilitoboa kidole, nikafanya kazi yangu, nikakata dozi ya umri wake, nusu kidonge, nikachukua kijiko na maji. Yule mama akanishika mkono.

"Waitu, tafadhali mwanangu, usimpe hapa."

"Kwa nini tena, mama?"

"Mwenzake yuko nyumbani. Tangu wazaliwe sijawahi kumpa mmoja kitu mwenzake asione."

"Lakini mwenzake haumwi. Hahitaji dawa."

"Najua hahitaji. Nataka aone tu. Nitampa Nyakato dawa yake, na huyu mwingine nitamtilia maziwa kwenye kijiko kilekile. Aone naye kapewa. Wakitendewa tofauti, mmoja huchukia akaondoka duniani."

Daktari Felician angemkatalia kwa upole, na mtu wa Dar es Salaam angemcheka. Mimi nilizaliwa Muleba. Kwetu pia pacha hawabaguliwi, nguo ni mbili, ndizi ni mbili, na nimewahi kumwona mtu mzima akipiga kiberiti akachoma gauni zuri la zawadi kwa sababu lililetwa moja. Nilimwelewa mno, na hapo ndipo nilipokosea. Nje foleni ilifika kwenye migomba. Nikaifunga ile nusu kidonge kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia yote ni ya Nyakato, yote, hata unga utakaobaki. Akaitikia. Alipotoka nje nikashika kalamu, nikaweka vema. Amemeza mbele yangu. Nikamwita aliyefuata.

Siku ya tatu homa ilikuwa imepungua, na mtoto alicheza na kifuniko cha chupa sakafuni. Siku ya saba Nyinabarongo aliingia bila kubisha hodi. Nyakato alikuwa amelegea begani, anahema upesi. Slaidi yake sikuhitaji kuihesabu, vimelea vilijaa kila nilipotazama. Tabibu wetu aliandika rufaa, tukawapakia kwenye gari la mtu aliyekuwa akipeleka kahawa, na mtoto akafia hospitalini kabla dripu ya kwanza haijaisha. Tuliletewa habari saa nane mchana. Nilikuwa nakula. Nakumbuka nilimaliza chakula changu chote, nikaosha sahani, ndipo nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Tulikwenda msibani mimi na mke wa tabibu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kama ilivyo desturi, wageni wanawake tukapelekwa jikoni kumenya ndizi. Jiko lilikuwa la udongo, limeegemea ukuta wa nyumba kubwa, na juu ya ukuta palikuwa na uwazi wa kutolea moshi. Sauti zilipita hapo kama watu wamekaa nasi. Nilikuwa na kisu mkononi na rundo la ndizi mbele yangu niliposikia Nyinabarongo akiongea na dada yake, taratibu, kwa Kinyambo. Alisema alipofika nyumbani alimtilia Nyangoma maziwa kama alivyopanga, lakini mtoto aliyatema, akalia, akanyoosha kidole kwenye kile cheupe cha mwenzake. Bibi akasema, mgawie, unataka kutuletea balaa? "Nikaikata katikati kwa kisu," alisema. "Nesi aliniambia yote ni ya Nyakato. Aliniambia. Nikaikata." Dada yake akamwambia, nyamaza, watu wasikusikie. Akarudia, "Nimemnyang'anya mtoto wangu dawa yake." Mke wa tabibu, ambaye kwao ni Mara na Kinyambo hajui, aliniuliza mbona nimeacha kumenya. Nikamwambia utomvu umeniwasha macho.

Daktari Felician alikuja baada ya siku nne. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua fomu ya Nyakato, namba sitini na moja, akaisoma mara mbili. Aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa heshima, bila kunishuku. "Huyu alimeza mbele yako?" Nikasema ndiyo. Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, uongo wa kumkwepa mdai, wa kumridhisha mgonjwa, lakini ule ndio peke yake ninaoweza kuueleza jinsi chumba kilivyokuwa: kahawa yake mezani, slaidi zikikauka, na kuku aliyeingia mlangoni tukamwacha. Ningesema hapana, mtoto angeondolewa kwenye utafiti na mimi ningeondolewa kazini. Ningesema hapana, pia, ingebidi nimtaje yule mama. Nilijifariji na hili la pili, lakini lililonifunga mdomo ni la kwanza.

Miezi ikapita. Karatasi zetu za damu zilisafirishwa kwenye maabara kubwa, na mwezi wa Novemba, wakati senene wanaanguka na kila nyumba inanukia mafuta ya kukaangia, Daktari aliniita Kayanga. Alikuwa amepanga chumba chenye kompyuta, meza mbili na sufuria ya chai. Majibu yalikuja, na alitaka mtu wa kumsaidia kuyasoma. Nilidhani nitaona picha za wadudu. Niliona herufi. Jeni moja ya kimelea, kutoka kila karatasi, imeandikwa kwa herufi nne tu, A na T na G na C, mistari na mistari. Alinifundisha kama unavyomfundisha mtoto kusoma. Kila herufi tatu zinataja tofali moja la protini. Matofali yakishapangwa mstari, ule mstari unajikunja wenyewe, na ni mkunjo huo unaoamua protini itafanya kazi gani. "Kwa hiyo ukisoma herufi vizuri," alisema, "unaweza kukisia umbo. Ukikisia umbo, unakisia kazi. Na unakisia pia kama dawa itaiweza."

Nilikaa wiki mbili katika chumba kile, na zilikuwa, Mungu anisamehe, wiki za furaha. Asubuhi tulikunywa chai na mkate, tukalinganisha mistari. Mchana tulikula ndizi za mama ntilie. Nilijifunza kwamba protini isiyojulikana sura unamtafutia ndugu. Zenye maandishi yanayokaribiana hujikunja kwa kukaribiana, hata kama moja ni ya kimelea na nyingine ni ya bakteria, hivyo unaazima umbo la yule anayejulikana, unamvalisha huyu mgeni, unarekebisha panapobana. Daktari alituma herufi zetu kwa barua pepe mchana, jibu likaja kesho yake: utepe uliojiviringisha, wa rangi nyingi, na katikati shimo. Lile shimo ndipo dawa ya vidonge vitatu inapotakiwa kukaa ili imzuie mdudu asizaliane. Nililitazama muda mrefu. Miezi yote ile nilikuwa nikigawa dawa bila kujua inakwenda kukaa wapi.

Siku ya tisa nilifika kwenye namba sitini na moja. Namba hazikuwa na majina, lakini mimi niliziandika kwa mkono wangu, ningeachaje kuzitambua? Nilishuka mstari hadi tofali la mia moja sitini na nne. Karatasi nyingine zote tulizokuwa tumesoma zilikuwa na ATA. Hii ilikuwa na TTA. Nikasoma tena, nikarudi nyuma nikahesabu upya, kisha nikamwita Daktari. Akaacha kutafuna. Aliingiza lile badiliko kwenye umbo, tofali moja likatoka na jingine likakaa, na shimo likalegea upande mmoja. Kulikuwa na badiliko jingine lililokuwa limeshaleta mbano upande wa pili, hilo tulilizoea. Pamoja, dawa haikupata pa kushika. "Ni kama mpini na jembe," alisema. "Tundu limepanuka. Mpini unaingia, lakini haukazi. Utalima nini na jembe hilo? Na tazama, kazi ya mdudu mwenyewe haijaharibika. Anaishi vizuri tu." Nikamuuliza, kwa sauti niliyoitengeneza iwe ya kawaida, kama dozi kubwa ingesaidia. Akatikisa kichwa. "Kwa huyu? Hata ungempa mara mbili. Huyu mtoto hakuwa na dawa, Adela. Alikuwa amepewa chokaa."

Nilifurahi. Nililiandika neno hilo mara tatu nikalifuta, sasa naliacha. Nilifurahi kwa ajili yangu kwanza, kwamba uongo wangu haukumuua mtoto, na ilipita robo saa nzima, nikimimina chai, kabla sijamkumbuka mwanamke aliyekuwa kijijini kwake akiamini kisu chake kilimuua mwanawe. Nilipomkumbuka nilisema, "Daktari, wazazi wanaambiwa haya?" Akasema hapana, si haraka hivyo. Huu ni utabiri. Kompyuta haijamwona mtoto, imeona herufi, na umbo lenyewe ni la kuazima. Wenye maabara wapime kwanza, wathibitishe, ndipo wizara iseme. Alikuwa sahihi kwa mambo ya wizara. Lakini mimi sikuuliza kwa ajili ya wizara, na nilijua, na nililipokea jibu lake kwa mikono miwili kwa sababu lilinipa ruhusa ya kunyamaza. Maana ningemwendeaje Nyinabarongo kumwambia kwamba nusu ya dozi au nzima ilikuwa mamoja, bila kukiri kwamba nilijua aliigawa? Na neno hilo likitoka, siku moja lingefika mezani kwa Daktari, likute vema yangu pale kwenye fomu.

Nilirudi Kaisho. Jumamosi ya gulio nilikutana naye kwenye vibanda vya maharage. Alikuwa amekonda, na Nyangoma alikuwa mgongoni, mahali pa mwenzake. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaweka parachichi mbili kwenye kikapu changu bila kuniuliza. "Chukua, mwanangu. Wewe ulifanya kazi yako," alisema. "Uliniamini. Mimi ndiye." Hakumaliza. Watu walipita, mtu alikuwa anapigia debe chumvi, na mimi nilikuwa na maneno yote tayari, kwa Kihaya, ambacho angekielewa barabara: Mama, ile dawa isingemsaidia hata kama angeimeza yote. Ni sentensi moja. Nilifungua mdomo nikasema asante kwa maparachichi.

Baadaye nilihamishwa, nikasoma zaidi, nikafanya kazi ya kusoma herufi kwa miaka mingi, na wengine waliniita mtaalamu. Ile dawa iliachwa kutibia malaria, kwa hiyo hata kisingizio cha kusubiri uthibitisho kilikwisha. Lakini kumbe aibu haizeeki sawasawa na mtu. Kila mwaka uliopita uliongeza swali jipya, kwamba mbona hukusema mwaka jana. Hata sasa, vijana wa maabara wakinionyesha kwamba kompyuta zao zinakunja protini kwa dakika chache, bila kuazima kwa ndugu yeyote, nasifu, natabasamu, kisha naenda kunawa uso.

Alhamisi tulimzika Nyinabarongo kwenye migomba yake, kando ya Nyakato. Watu walipopungua, Nyangoma alinitengea kiti nyuma ya nyumba, akaniletea uji. Ni mwalimu wa shule ya msingi Kamuli, ana sauti ya mtu aliyezoea kusubiri darasa linyamaze. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alisema mama yake, tangu akumbuke, hakukata kitu katikati. Parachichi alilitoa zima, kipande cha sabuni kizima, na wageni wakiwa wengi kuliko nyama, yeye alikosa. Nyangoma akiwa darasa la tatu binamu yake alimwambia sababu. "Tangu siku hiyo najua kwamba nilikula dawa ya mwenzangu," alisema. "Mama hakuwahi kunilaumu. Lakini nikiwa na homa alikuwa ananitazama kwa hofu, na mimi nilikuwa najiuliza anamwona nani."

Nikamwambia. Nilianza na vema, kwa kuwa ndiyo iliyonishinda miaka yote, nikaja kwenye karatasi, herufi, shimo lililolegea. Alisikiliza kama mwalimu, akaniuliza maswali mafupi.

"Kwa hiyo hata angekunywa yote?"

"Hata angekunywa yote."

"Mna hakika?"

"Wakati ule tulikisia. Sasa nina hakika, kadiri mtu anavyoweza kuwa nayo."

Aliweka kikombe chini. Alilia kidogo bila kujifunika uso, na kwa muda nilidhani nimefanya jambo jema, hata nikamshika bega. Kisha akafuta macho kwa kiganja.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Wewe ulijua lini?"

"Mwaka uleule. Novemba."

Nilimwona anahesabu, na aliyekuwa anahesabu ni mtoto wa huyu mama, si mwalimu. Jikoni wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Hakupandisha sauti.

"Ulikuwa Kaisho," alisema.

"Nilikuwa Kaisho."

"Kutoka Kaisho mpaka hapa ni saa moja na nusu. Ungeweza kuja kwa miguu."